Kigumu dhidi ya nini? Dhana potofu kuhusu vifaa tunavyojengea, kupikia na kujipambia

Wateja wanaoingia dukani kwetu Mbauda huwa na swali moja: "Hii ni ngumu?" Anayenunua nondo anauliza hivyo, anayenunua bati anauliza hivyo. Hata soko la Kilombero utamwona mama akiigonga sufuria kwa kidole kabla ya kuuliza lile lile. Nilifundisha fizikia sekondari hapa Arusha kwa miaka mingi kabla ya kukaa kwenye duka hili la familia, na swali hilo bado linanisimamisha. Neno "gumu" tumelibebesha mizigo minne: kutokwaruzika, kutovunjika, kutopinda na kuweza kubeba uzito. Kitu kinaweza kushinda katika moja na kushindwa vibaya katika jingine. Ndiyo maana siku hizi mteja akiniuliza kama kitu ni kigumu, nami namuuliza: kigumu dhidi ya nini?

"Jiwe gumu halivunjiki"

Hapa mjini karibu kila mtu ana ndugu au jirani anayejua habari za Mererani, kwenye machimbo ya tanzanaiti, kwa hiyo naanza na jiwe hilo. Wataalamu wa madini hupima ugumu wa mawe kwa kipimo cha Mohs, kuanzia 1 kwa ulanga hadi 10 kwa almasi. Kipimo hicho kinajibu swali moja tu: jiwe gani linalikwaruza jingine? Tanzanaiti iko kati ya 6 na 7. Punje nyingi za mchanga ni za kwatsi, yenye 7. Maana yake vumbi tunalolikung'uta kwenye nguo kila siku lina chembe zinazoweza kuacha mikwaruzo kwenye pete ya tanzanaiti, hasa ukiifuta na kitambaa kikavu. Ioshe kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, ndipo uifute.

Lakini mkwaruzo ni shida ndogo. Tanzanaiti ina uelekeo mmoja ambao hupasuka kirahisi, kama gogo lililonyooka linavyopasuka kwa kufuata nyuzi zake. Binamu yangu alipeleka pete yake kwa sonara kusafishwa, ikatumbukizwa kwenye ile mashine inayosafisha kwa mitetemo, ikatoka na ufa kutoka upande hadi upande. Sonara alisisitiza kwamba jiwe "gumu" halipati ufa kwa mtetemo. Hata almasi, ambayo hakuna jiwe la asili linaloikwaruza, ukiiweka juu ya fuawe na kuipiga nyundo inapasuka. Nyundo haikwaruzi, inapiga, na kustahimili pigo ni sifa nyingine kabisa. Yale mawe mawili ya tanzanaiti ya mchimbaji Saniniu Laizer, la kilo 9.27 na la kilo 5.1, yaliyomletea zaidi ya shilingi bilioni 7.7 mwezi Juni 2020, yalihitaji mikono ya uangalifu kwa sababu hiyo hiyo.

Wengi pia huamini kwamba tanzanaiti hutoka ardhini ikiwa na ile buluu yake. Nyingi hutoka na rangi ya kahawia, kisha hupashwa moto polepole hadi karibu nyuzi 500 ndipo buluu inapotawala. Jiwe lile lile lililostahimili tanuri linaweza kupata ufa likimwagiwa maji ya baridi likiwa la moto. Kinachoumiza hapo ni badiliko la ghafla: ngozi ya jiwe inasinyaa wakati moyo wake bado umetanuka.

"Zege likikauka limekomaa"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu dhana hii ndiyo inayokula pesa nyingi za watu wa Arusha na Moshi.

Zege halipati nguvu kwa kukauka. Saruji huungana na maji, na muungano huo hujenga fuwele ndogo zinazoshikamana na kuzishika kokoto na mchanga. Ndiyo maana zege huganda hata likimwagwa chini ya maji, na nguzo za madaraja hujengwa hivyo. Maji yakikimbia mapema kwa jua na upepo, kazi inakatika katikati. Zege litaonekana kavu na jeupe, fundi atasema liko tayari, lakini ndani saruji nyingi itakuwa imebaki bila kufanya kazi uliyoilipia.

Kwa hiyo kumwagilia zege si kulipoza joto, kama wengi wanavyodhani. Ni kulilisha. Kwa saruji ya kawaida, mwagilia siku 7 bila kuruka. Mifuko mingi tunayouza huku ina pozolana, yaani majivu ya volkano yaliyosagwa pamoja na saruji, na aina hiyo hukomaa taratibu zaidi mwanzoni. Ipe siku 10 hadi 14. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa, au kwa majani ya migomba kama uko Kibosho au Machame ambako hayakosekani. Pepo kavu za Januari na Februari ni adui mkubwa kwa zege changa. Baridi ya Julai nayo, asubuhi zinaposhuka hadi nyuzi 12 au 13, haiharibu zege letu ila inalichelewesha, kwa hiyo mbao za kufungia zikae siku kadhaa zaidi kabla ya kuvuliwa.

Wapo wanaoikwepa pozolana wakidhani ni uchakachuaji. Warumi walitumia majivu ya volkano ya karibu na Naples kujenga bandari ndani ya maji ya chumvi. Kuba, yaani paa la mviringo, la hekalu la kale la Pantheon mjini Roma, lenye upana wa mita 43 na lisilo na nondo hata moja, limesimama tangu takriban mwaka 125. Sehemu ya juu ya kuba hilo waliichanganya na mawe mepesi ya volkano, yale yenye matundu, ili lisijielemee. Mtu aliyekulia chini ya Mlima Meru ameyaona mawe ya jinsi hiyo tangu utotoni, na mara nyingi amesikia kwamba jiwe jepesi halifai kitu. Kwenye nguzo inayobeba ghorofa, kweli halifai. Kwenye ukuta usiobeba mzigo linafaa sana, kwani matundu yake yamejaa hewa, na hewa iliyonaswa huzuia joto kupita.

Nambari 32.5 na 42.5 kwenye mfuko nazo huleta mabishano kila wiki. Si uzito, na si idadi ya dakika za kuganda. Ni nguvu ya kubeba mgandamizo, kwa nyutoni kwa kila milimita ya mraba, ambayo sampuli ya saruji hiyo inapaswa kufikia maabara baada ya siku 28. Saruji ya 42.5 iliyozamishwa kwenye maji mengi itashindwa na 32.5 iliyochanganywa kwa kipimo.

Na maji mengi ndiyo ugonjwa wetu. Mhandisi wa Kimarekani Duff Abrams alionyesha mwaka 1918 kwamba nguvu ya zege inategemea zaidi uwiano wa maji na saruji. Mfuko wa kilo 50 unatosheka na lita kama 25, yaani ndoo moja ya lita 20 na robo ndoo, tena upunguze ikiwa mchanga wenyewe umelowa. Vibarua hupenda zege la majimaji kwa sababu linateleza vizuri kwenye toroli na halichoshi mkono. Nawaelewa, kazi ile ni nzito. Lakini ukifikisha lita 35 kwa mfuko, umepoteza kama theluthi ya nguvu au zaidi, kwa sababu maji yasiyotumika huondoka baadaye na kuacha vitundu. Jirani yangu wa Sakina alimwagiwa jamvi la baraza kwa ndoo tatu kwa mfuko, kisha halikumwagiliwa hata siku moja. Mpaka leo akifagia asubuhi anakusanya unga wa kijivu, na mfagio unazidi kulila.

"Nondo ikae katikati"

Darasani nilikuwa nikimpa mwanafunzi kipande cha chaki. Ibane kwa ncha zake mbili, ukiisukuma ndani: haivunjiki kirahisi. Sasa ikunje: inakatika hapo hapo. Zege ni kama chaki ile. Linabeba mgandamizo vizuri, lakini likivutwa, nguvu yake ni kama sehemu moja tu kati ya kumi. Nondo huwekwa ili kuvutwa badala yake, kwa hiyo lazima ikae pale mvuto ulipo. Lenta ya juu ya mlango hulemewa kutoka juu na kutaka kufunguka chini, basi nondo kuu zikae chini, zikiinuliwa kidogo kwa vipande vya zege ili zisiguse mbao. Baraza inayotokeza nje bila nguzo ni kinyume chake: inataka kufunguka juu, basi nondo kuu zikae juu. Nimeona nondo za baraza kama hiyo zikikanyagwa na vibarua hadi zikalala chini, na zege likamwagwa juu yake bila mtu kuziinua. Tafadhali, mwenye nyumba, siku hiyo usiende safari.

Dhana ya pili ni kwamba nondo nzuri ni ile isiyopinda. Chuma cha nondo kinatakiwa kupinda na kuvutika kabla ya kukatika, ili nyumba ikilemewa ionyeshe nyufa na kulegea kabla ya kuanguka, watu wapate kutoka. Tunaishi kando ya Bonde la Ufa. Mwezi Julai 2007, kabla ya Ol Doinyo Lengai kulipuka, matetemeko yalitikisa hadi hapa mjini. Siku kama ile unataka chuma kinachonyumbuka.

Na kuijaribu kwa kuikanyaga na kuikunja dukani hakukuambii lolote kuhusu nguvu yake, kwa sababu nondo dhaifu na nondo imara za unene mmoja huanza kupinda kwa ukinzani ule ule. Tofauti yao huonekana mbele, pale ambapo moja inabaki imepinda na nyingine bado inarudi. Nguvu husomwa kwenye alama za kiwanda na vyeti vya vipimo, lakini kuna udanganyifu mmoja unaoweza kuukamata mwenyewe: unene. Omba mizani. Nondo ya milimita 12, yenye urefu wa mita 12, inapaswa kuwa na kilo 10.7 hivi. Ya milimita 10 ina kilo 7.4, na ya milimita 16 karibu kilo 19. Kupungua kidogo kunaruhusiwa, ila ukiambiwa ni ya 12 na mizani ikasoma kilo 9, umeuziwa milimita 11. Milimita moja inasikika ndogo, lakini imeondoka na asilimia 16 ya chuma.

"Chuma ni cha baridi kuliko mbao"

Asubuhi ya Julai gusa geti, kisha gusa mlango wa mbao. Geti linauma vidole. Hata hivyo vyote vimelala nje usiku mzima na joto lao ni moja. Mkono wako haupimi joto la kitu, unahisi kasi ya joto lako kuondoka, na chuma hulibeba joto haraka mara mamia kuliko mbao. Alumini hulibeba haraka zaidi ya chuma, ndiyo maana sufuria zake huchangamka upesi na mpini wa mbao ni wa lazima.

Jikoni pia wengi wetu huongeza moto maharage yakigoma kuiva. Maji yakishatokota hayapandi joto tena hata ukichochea vipi, yanageuka mvuke tu. Na huku juu yanatokota kabla ya nyuzi 100: Moshi mjini ni karibu 97, Arusha karibu 95, na kileleni Uhuru, mita 5,895, ni kama 80. Kwa hiyo maharage yale yale yatachelewa Arusha kuliko Tanga, na mkaa wa ziada hautasaidia. Yaloweke usiku, yakianza kutokota punguza moto na ufunike. Sufuria ya presha inasaidia kweli, kwani inayalazimisha maji kupita nyuzi 100 kabla ya kutokota.

"Geji kubwa, bati nene"

Ni kinyume. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Anayekuuzia 32 kwa maelezo kwamba "namba imepanda" anakudhulumu. Omba unene kwa milimita.

Na ule mlio wa usiku, tak, tak, unaowafanya watoto wajifunike shuka hadi kichwani na wakubwa kutaja wachawi, ni bati lenyewe. Mchana juani linaweza kufika nyuzi 60, usiku likashuka chini ya 15. Bati la mita 6 katika badiliko hilo hurefuka na kufupika karibu milimita 3, na kwa kuwa limebanwa na misumari kwenye kenchi, linasubiri, kisha linaachia kwa mshtuko. Linafanya hivyo kila siku mwaka mzima, na taratibu linazipanua tundu za misumari. Kabla ya masika ya Machi mpandishe fundi juu ya paa, akague kila msumari, akaze uliolegea na abadilishe mpira uliochanika.