Utafiti shirikishi ni nini? Mwanafunzi wa sosholojia na akina mama wa dagaa Katonga

"Kwa mwezi unapata shilingi ngapi?" Hilo lilikuwa swali la sita kwenye dodoso letu. Mama niliyemuuliza alikuwa ameinama anageuza dagaa mchangani, pale mwalo wa Katonga, ufukwe wa kushushia samaki, Kigoma. Akaniangalia kwa upole akasema, "Mwanangu, mwezi ukiwaka hatupati kitu."

Mimi nilikuwa naulizia siku thelathini, yeye akanijibu kuhusu mwezi wa angani. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Samaki huufuata mwanga, na mbalamwezi ikitanda ziwa zima, taa ya mvuvi haina la kufanya. Ndiyo maana mwaloni watu huhesabu kwa giza: giza likiingia vipe, vyombo vya kuvulia dagaa, vinashuka majini, mwezi ukijaa nyavu zinaanikwa na kushonwa. Mapato ya mama yule yalikuwa na majuma ya kuuza na majuma ya kukopa, wala hayakuwa na kitu kinachoitwa "kwa mwezi". Dodoso lilinipa visanduku vinne vya kuwekea alama. Nilikisia kimoja, nikasogea kwa mama wa pili.

Nilikuwa mwaka wa tatu, shahada ya kwanza ya sosholojia, na jibu lile limenikaa kuliko mihadhara mingi. Lilinionyesha utafiti shirikishi ni kitu gani kwa kunionyesha kinachotokea usipokuwapo.

Utafiti shirikishi ni ule ambao watu wenye jambo lao wana kauli katika kuamua nini kiulizwe, kiulizwe vipi, majibu yasomwe namna gani, na yakishapatikana yafanye kazi gani. Mwanafunzi anapoingia humo, anajifunza kwa walimu wawili, mmoja chuoni na mwingine mwaloni. Kama akina mama wa Katonga wangeliona dodoso letu kabla halijachapwa, swali la sita lingekufa siku hiyohiyo, na mahali pake tungeuliza giza lililopita uliuza kiasi gani, na mwezi ulipojaa uliishi kwa nini. Hayo ni maswali mawili yenye majibu. Lile letu lilikuwa na namba tu.

Hapa lazima niseme neno kuhusu neno lenyewe. Kiswahili cha ofisini kimelichosha. Tunasoma kwenye taarifa kwamba "wananchi walishirikishwa", na mara nyingi maana yake ni kwamba waliitwa mkutanoni wakaambiwa. Kushirikisha ni tendo la mwenye mali: jambo ni langu, nakuita uingie. Kushirikiana kunahitaji pande mbili. Mwanafunzi akibeba swali lake kutoka chuoni, akaliuliza kwa adabu nzuri, akashukuru na kuondoka, amefanya utafiti wa kawaida kwa heshima. Hakuna ubaya, ila asiuite shirikishi. Ukitaka kujua tofauti, mwulize jambo moja: swali lilitoka kwa nani?

Wengi hudhani wazo hili tumeletewa. Ni kweli mwanasaikolojia Kurt Lewin alizungumzia utafiti unaoambatana na vitendo huko Marekani miaka ya 1940, na mwanasosholojia wa Kolombia, Orlando Fals Borda, alikuwa mhimili wa mkutano mashuhuri wa utafiti wa aina hii mjini Cartagena mwaka 1977. Lakini Tanzania ni moja ya mahali lilipozaliwa. Miaka ya 1970 Marja-Liisa Swantz, mwanaanthropolojia kutoka Finland, alikuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akifanya utafiti na wanavijiji huku akiwashirikisha wanafunzi. Budd Hall, aliyekuwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima hapohapo Dar es Salaam, akawa miongoni mwa walioutangaza mtindo huo duniani. Katikati ya muongo huo ukaanza mradi wa Jipemoyo, magharibi ya Bagamoyo, wa watafiti wa Tanzania na Finland pamoja. Jina la mradi linajitafsiri lenyewe. Huwa nasikitika mwanafunzi wetu akikutana na wazo hili mara ya kwanza kama kitu cha kigeni.

Sasa, mwanafunzi wa miaka ishirini na miwili anaweza nini hasa? Zaidi ya wengi wanavyodhani. Barua ya chuo inapita kwa katibu tawala, inashuka kwa mtendaji wa kata na wa mtaa. Hiyo ni ruhusa ya serikali. Ruhusa ya mwalo ni nyingine, nayo haina muhuri. Inapatikana kwa kukaa. Siku za kwanza mwanafunzi asitoe dodoso kabisa. Ageuze dagaa. Atajua kwamba wa kwenye chanja, meza za kuanikia zilizoinuliwa, hawana mchanga na huuzwa bei nzuri kuliko wa chini, na kwamba mvua ikinyesha ghafla juhudi ya usiku mzima inaoza kabla ya jioni. Atasikia akina mama wanabishana nini. Mahangaiko hayo ndiyo maswali ya utafiti, yanangoja mtu wa kuyapanga. Labda wanataka kujua ni hasara kiasi gani inatokana na kukosa chanja, ili wapeleke hoja halmashauri wakiwa na hesabu mkononi. Hapo mwanafunzi ana cha kuwapa: anajua kuchagua sampuli, kuandaa daftari la kumbukumbu, kujumlisha. Wao wanajua kila kitu kingine.

Kikwazo kikubwa ni kalenda. Fildi ya wanafunzi hupangwa likizo ndefu, mara nyingi kati ya Julai na Oktoba. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Mwanafunzi aliyefika Julai angekuta vipe vimelala nchi kavu na chanja tupu, na kama hana mwenyeji wa kumweleza, angeandika mambo ya ajabu. Majuma manane ya fildi hayatoshi kujenga uaminifu, na sioni njia ya kuyanyoosha. Kinachowezekana ni idara yenyewe kuwa na uhusiano wa miaka na mwalo mmoja, kundi la mwaka huu likikabidhi madaftari kwa la mwaka ujao, na mhadhiri akiwa sura ileile inayorudi. Alama nazo zitolewe kwa kazi yote. Ripoti ya kurasa arobaini ikiwa ndiyo kitu pekee kinachosahihishwa, mwanafunzi mwerevu atatumia muda wake kwenye ripoti.

Halafu kuna mrejesho, na hapa naumia. Sisi hatukurudi. Matokeo ya dodoso letu yamejalidiwa vizuri, yako kwenye kabati la idara, kwa Kiingereza. Mama yule hajui tulihitimisha nini kuhusu maisha yake. Kigoma watu wamehojiwa sana. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, huko Kasulu, ilianzishwa 1996, na wageni wenye maswali si jambo geni mkoani. Kila anayeondoka bila kurudi anamfungia mlango anayekuja nyuma yake.

Mrejesho wenyewe si mzigo mkubwa. Karatasi mbili za Kiswahili, namba zilizochorwa wazi, mtu wa kuzisoma kwa sauti, na nafasi ya wenyewe kusema "hapa mmekosea" kabla ripoti haijafungwa. Ufanyike mwaloni, na siku ichaguliwe kwa kuangalia angani: mwezi ukiwa mpevu, vipe vikiwa nchi kavu, akina mama wana muda wa kukaa.