Difu ya kubadilishia pikapu kuukuu: angalia haya kabla hujalipa

Tuanze na lugha ya dukani. Ukiingia duka la spea Kariakoo ukasema unataka "ekseli", utaletewa shafti, ule mtaimbo unaotoka kwenye difu kwenda kwenye gurudumu. Ukitaka kasha lake, krauni (gia kubwa ya ndani), shafti zote mbili, habu na breki kwa pamoja, sema "difu nzima", kisha taja ya mbele au ya nyuma. Naandika kuhusu difu nzima, nikiwa na Hilux LN106 na Land Cruiser HZJ75 akilini, pikapu za springi za bapa mbele na nyuma.

Mara nyingi, lakini, difu nzima haihitajiki. Shafti ikikatika huku kasha limenyooka, nunua shafti, beringi na sili. Kasha lililopinda hujisema lenyewe: tairi la upande mmoja linalika ukingoni, beringi ya upande uleule inakufa kila baada ya muda mfupi, na sili mpya inavuja. Hapo usihangaike na sili.

Kinachowaumiza watu zaidi ni resho, yaani uwiano wa meno ya krauni na pinioni, gia ndogo inayoizungusha. Difu zinazofanana nje kabisa zinaweza kutofautiana ndani: krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 10 ni 4.10, krauni ya 41 na pinioni ya 9 ni 4.56. Ukifunga ya 4.56 nyuma na kuacha 4.10 mbele, gari litatembea vizuri tu kwenye tu-wili, magurudumu ya nyuma pekee yakisukuma. Siku utakapoingiza fo-wili, yote manne yakivuta, magurudumu ya mbele na ya nyuma yatataka kwenda mwendo tofauti kwa takriban asilimia 11. Kwenye mchanga tairi litateleza na hutajua kitu. Kwenye lami halina pa kuteleza, na transfa, giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, ndiyo inayolipa.

Usiamini resho iliyoandikwa kwa rangi kwenye kasha. Difu ikiwa chini, zuia habu moja isizunguke, zungusha nyingine mara 20 kamili, na mwenzako ahesabu mizunguko ya flenji ya pinioni, ile sahani inapofungwa propela (mtaimbo unaotoka transfa kuja difu). Akipata 41, ni 4.10. Akipita 45 na nusu kidogo, ni 4.56. Linganisha na difu iliyobaki kwenye gari, au nunua mbele na nyuma kutoka gari moja, jambo ninalolipendelea kila mfuko unaporuhusu. Ukibadilisha resho zote mbili, kumbuka spidomita inasoma kutoka transfa: ukitoka 4.10 kwenda 4.56 itaonyesha mwendo mkubwa kuliko halisi.

Halafu kuna mzigo. Kwenye Hilux, shafti ya nyuma inabeba uzito wa gari na kuzungusha gurudumu kwa wakati mmoja. Ikikatika karibu na beringi, gurudumu linaweza kutoka na kipande chake. Difu za nyuma za HZJ75 zenye duara la nati katikati ya gurudumu zina habu inayokaa juu ya beringi mbili za koni; shafti inazungusha tu, na unaweza kuichomoa gurudumu likiwa limekanyaga chini. Kwa anayebeba kokoto na saruji, hiyo ya pili. Lakini kuifunga chini ya Hilux si kazi ya Jumamosi moja: vikalio vya springi, urefu wa propela, mabomba ya breki na kebo ya hendibreki vyote vinabadilika. Kwa injini ya Hilux hiyo, aina ya 3L, sioni faida ya uzito huo wote.

Ukikagua difu ya mtumba, chomoa shafti uitazame kwa mbali kidogo, jicho moja likiwa limefumbwa. Meno ya mwisho wake yawe mistari iliyonyooka kama kamba iliyokazwa. Yakianza kupinda kama meno ya skrubu, chuma kimeshasokotwa. Bei nzuri isikuvutie. Gusa oili kwa kidole: ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yaliingia na beringi zimeonja kutu. Difu ya mbele ikitoa mchanganyiko wa grisi na oili kwenye kibonde cha usukani, pale gurudumu linapokatia kona, sili ya ndani imekwisha.

Vipimo vya kubeba kwenye karatasi: upana kutoka uso wa habu hadi uso wa habu, matundu ya flenji ya propela, umbali wa vikalio vya springi, na stadi, yaani bolti za kufungia rimu. HZJ75 na Hilux zina stadi 6 kwenye duara la milimita 139.7. HZJ79 ina stadi 5 kwenye duara la milimita 150, kwa hiyo rimu zako hazitaingia.

Wakati wa kufunga, beringi ya shafti ya Hilux inashikwa na pete iliyosukumwa kwa presi. Fundi akiikata na grainda, asimame kabla grainda haijagusa shafti: mkwaruzo mdogo ndio mwanzo wa ufa. U-bolti zinazobana springi kwenye difu ziwe mpya, na zikazwe tena baada ya kilomita 500 hivi.

Mwisho, bomba la kupumulia. Difu iliyochemka ikizama kwenye maji ya bonde la Jangwani, Dar es Salaam, wakati wa masika hupoa ghafla na kuvuta hewa; bomba likiwa limeziba, inavuta maji kupitia sili. Refusha kwa mpira hadi kwenye bodi juu ya tairi, na kifuniko chake kitazame chini.