Nani kawaambia suluhu ni kugawana nusu kwa nusu?

Wiki hii tu nimeisikia mara tatu, leo imebidi niandike. Watu wakija kwangu kusuluhishwa huku Uyui, Tabora, hawajakaa hata vizuri, lazima kuna mjomba pembeni anadakia "jamani si mkate nusu kwa nusu yaishe". HAPANA.

Kwenye imani potofu za usuluhishi hii ndo inanichosha kuliko zote, eti wanaopingana wakikutana katikati basi wamepatana. Chukua ugomvi wa kawaida kabisa wa Tabora, mkulima anasema ng'ombe wasikanyage shamba langu, mfugaji anasema njia ya lambo inapita hapo tangu enzi za baba. Sasa mjomba, nusu ya njia inafika wapi? Ng'ombe waishie katikati ya mahindi na kiu yao? Niliwahi kuletewa mmoja wa hivyo, wazee walishawapimia mpaka kwa hatua, kila mtu akaondoka kanuna na wiki mbili baadae wakarudi na fimbo. Nikawauliza kitu kimoja tu, hiyo njia unaitaka mwezi gani? Mfugaji akasema kiangazi, kuanzia wa saba mpaka mvua zianze, maana masika madimbwi yapo kila mahali. Na mkulima je? Yeye shida yake ni mahindi yakiwa bado shambani, na mwezi wa sita anakuwa kashavuna. Yaani watu nusura wakatane mapanga kwa ardhi wanayoihitaji miezi tofauti! Tena ng'ombe wa kiangazi wanakula mabua wanaacha samadi, mkulima mwenyewe akaanza kuuliza hivi hawawezi kulala hapo siku mbili tatu?

Kwahiyo usimuulize mtu anataka nini, hilo keshalipigia kelele kijiji kizima, muulize anakitakia nini na lini. Na swali hilo, wengine mtanuna, muachieni mama aulize. Sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 inasema baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe 7, watatu wanawake, nyie mnawakalisha nyuma wachemshe chai.

Eti ukimsikiliza mwenzio mpaka mwisho umeshakubali. Nani kasema? Mimi namlazimisha kila mmoja arudie hoja ya mwenzie mpaka mwenyewe aseme "ndo hivyo hivyo", na sijaona aliyepoteza shamba kwa kurudia maneno.

Eti baraza la kata litatoa hukumu. Tangu marekebisho ya 2021, kwenye ardhi linasuluhisha tu, zikipita siku 30 hamjaelewana unaenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Kwahiyo baba yangu usije na jogoo ukidhani unamuona hakimu.

Na ile ya lazima wakubaliane kila kitu ndo waishi pamoja? Yule mkulima na yule mfugaji mpaka leo salamu zenyewe za kulazimishana, mmoja anasema kijiji kimejaa mifugo, mwingine anasema kimejaa mashamba, ila mwezi wa saba ukifika ng'ombe wanapita.