Umati wa Kughushi: Jinsi Akaunti Bandia Zinavyotengeneza Maoni ya Umma

Mwezi Septemba 2021, watafiti wawili wa Kenya, Odanga Madung na Brian Obilo, walitoa kupitia Mozilla Foundation ripoti iliyoeleza jinsi mada za kisiasa zilivyokuwa zikipandishwa kwa malipo kwenye Twitter, mtandao ambao sasa unaitwa X. Walichunguza kampeni 11 zenye machapisho zaidi ya 23,000 kutoka katika akaunti zipatazo 3,700, na wakazungumza na baadhi ya walioshiriki. Utaratibu walioelezwa haukuhitaji utaalamu wa kutisha. Mratibu hukusanya watu wake katika kundi la WhatsApp, huwatumia maneno ya kunakili, picha za kuambatisha na alama ya reli (hashtag) ya siku hiyo, kisha wote huanza kurusha kwa pamoja mpaka mada ipande kwenye orodha ya zinazovuma. Malipo yaliyotajwa yalikuwa kati ya dola 10 na 15 za Marekani kwa mtu kwa kampeni moja.

Wakati huo Kenya ilikuwa katikati ya mabishano juu ya BBI, mpango wa kuifanyia marekebisho Katiba ya 2010, ambao Mahakama Kuu iliubatilisha tarehe 13 Mei 2021. Miongoni mwa walioshambuliwa katika kampeni hizo walikuwamo majaji na wanaharakati walioupinga mpango huo. Mkazi wa Nakuru au Kisumu aliyefungua simu yake asubuhi hakuliona kundi la WhatsApp wala fedha iliyopita kati ya mtu na mtu. Alichokiona ni kwamba Wakenya wenzake, wengi na kwa sauti moja, wamewachoka majaji wao.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Elimu nyingi inayotolewa kwa umma kuhusu upotoshaji mtandaoni huwafundisha watu kukagua habari: je, picha hii ni ya mwaka gani, je, kauli hii kweli ilitolewa na kiongozi huyu? Mafunzo hayo yana faida, lakini hayatoshi, kwa sababu mara nyingi kinachoghushiwa si habari bali ni idadi ya watu wanaoiamini. Akaunti bandia inaweza kukaa mwezi mzima bila kusema uongo hata mmoja, ikawa inatoa maoni tu, na maoni hayana cheti cha kukaguliwa. Uongo wake upo katika kudai kwamba nyuma ya maoni hayo yuko mtu, na kwamba watu kama yeye ni wengi.

Mtu wa namna hii hutengenezwa kwa subira. Kampuni ya Urusi iliyojulikana kwa jina la Internet Research Agency, iliyokuwa na ofisi zake mjini St. Petersburg na kufadhiliwa na mfanyabiashara Yevgeny Prigozhin, iliendesha akaunti ya mwanamke wa Kimarekani aliyeitwa Jenna Abrams. Mwanamke huyo hakuwahi kuwapo duniani. Kwa muda mrefu aliandika vichekesho na mambo ya watu mashuhuri, akakusanya wafuasi wapatao 70,000, na maneno yake yakanukuliwa na vyombo vikubwa vya habari, huku siasa za rangi na uhamiaji zikipenyezwa humo taratibu. Kampuni hiyohiyo ilikuwa na ukurasa wa Facebook wa watu waliojifanya wazalendo wa Texas na ukurasa mwingine wa waliojifanya Waislamu wa Marekani, na tarehe 21 Mei 2016 kila ukurasa uliwaita wafuasi wake mbele ya kituo kimoja cha Kiislamu mjini Houston, saa ileile, wengine kupinga na wengine kuunga mkono. Watu halisi walifika pande zote mbili za barabara wakazomeana, ilhali aliyewaita wote alikuwa mmoja.

Kwa nini binadamu mwenye akili timamu huvutwa na umati asioujua? Jibu zuri kuliko yote ninalolifahamu lilitolewa kabla ya kuwapo kwa intaneti. Katika miaka ya 1950, mwanasaikolojia Solomon Asch wa Chuo cha Swarthmore, Marekani, aliwaweka wanafunzi chumbani na kuwataka waseme ni mstari upi kati ya mitatu uliolingana kwa urefu na mstari wa mfano. Swali lilikuwa jepesi kwa mtoto. Lakini katika kila kundi ni mwanafunzi mmoja tu aliyekuwa akipimwa. Wengine wote walikuwa wamepangwa na mtafiti kutoa, katika raundi fulani, jibu moja lisilo sahihi. Takribani theluthi ya majibu ya waliopimwa katika raundi hizo yalifuata kosa la kundi, na robo tatu yao walilifuata angalau mara moja. Baadhi walieleza baadaye kwamba jibu sahihi walikuwa wakiliona, ila waliogopa kuonekana watu wa ajabu. Wengine walikuwa wameanza kuyatilia shaka macho yao wenyewe.

Wasomaji wengi wa jaribio hilo huishia hapo, ingawa sehemu yake yenye faida zaidi ndiyo inayofuata. Asch alipompa mwanafunzi huyo mwenzi mmoja tu chumbani mwenye kutoa jibu sahihi, idadi ya waliofuata kosa ilishuka sana. Maana yake ni kwamba umati wa kughushi hauhitaji kuwa mkubwa ili ufanye kazi. Unahitaji kuonekana hauna mpinzani. Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini kampeni hizi hutumia nguvu nyingi kumfuata mtu mmoja mwenye wafuasi wachache na kumwandama mpaka anyamaze, jambo ambalo kwa mtazamo wa kawaida wa propaganda linaonekana ni kupoteza muda.

Mfano wa hapa kwetu ulitangazwa tarehe 2 Desemba 2021, Twitter ilipoeleza kwamba imefuta akaunti 268 za Tanzania zilizotumika kuwasilisha malalamiko ya hila dhidi ya wanachama na wafuasi wa kundi la haki za binadamu la Fichua Tanzania. Mbinu iliyofichuliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliozichambua akaunti hizo ilikuwa ya ujanja wa kipekee. Wahusika walichukua maneno au picha kutoka katika chapisho la mwanaharakati, wakayabandika kwenye tovuti waliyoifungua wenyewe, wakabadilisha tarehe ili ionekane kwamba tovuti ilitangulia, kisha wakamlalamikia mwanaharakati huyo kwa Twitter kwamba ameiba kazi yao na kuvunja hakimiliki. Hakuna hoja iliyojibiwa. Sheria iliyotungwa kumlinda msanii na mwandishi iligeuzwa kuwa kufuli la kumfungia mtu mdomo, na msomaji wa kawaida aliyepita siku hiyo hakuwa na namna ya kujua kwamba kuna sauti iliyoondolewa. Siku hiyohiyo Twitter ilitangaza pia kufuta akaunti 418 zilizokuwa zikimpigia debe Rais Museveni wa Uganda na chama chake cha NRM. Miezi kadhaa kabla, Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi wa nchi hiyo, Facebook nayo ilikuwa imefuta akaunti ilizozihusisha na kituo kilicho chini ya Wizara ya Habari na Mawasiliano ya Uganda. Serikali ilijibu kwa kuufungia mtandao huo nchini, zuio lililodumu kwa miaka.

Ni lazima hapa tutenganishe mambo mawili ambayo wanasiasa hupenda kuyachanganya. Kutumia jina la kupanga si udanganyifu. Tangu mwaka 2006, mtandao ambao leo ni JamiiForums umekuwa na wachangiaji wasiotumia majina yao halisi, na wengine kati yao wamefichua mambo ambayo wasingethubutu kuyasema kwa jina la kwenye kitambulisho. Mtu mmoja mwenye jina moja la kupanga bado ni sauti moja, naye hujijengea sifa au kuipoteza kwa jina hilo. Tatizo huanza pale mtu mmoja anapokuwa na majina arobaini na kujifanya watu arobaini, au pale aliyelipwa anapojifanya raia aliyeguswa. Chawa wa mwanasiasa anayemsifu bwana wake mchana kweupe, kwa jina lake na picha yake, anaweza kukera, lakini angalau tunajua tumpime kwa mizani gani. Sheria zinazotaka kila mtumiaji ajitambulishe kwa serikali humgusa kwanza mfichuaji maovu, huku mratibu mwenye laini za simu za kutosha akipata njia ya kupita.

Kuhusu namna ya kutambua, nashauri msomaji asitegemee sana sura ya akaunti moja. Zamani kidogo ilitosha kuitafuta picha ya wasifu kwa kutumia Google na kukuta ni ya mwanamitindo wa nchi nyingine. Mwaka 2019 Facebook ilifuta mtandao wa akaunti zilizotumia nyuso zilizochorwa na kompyuta, za watu wasiokuwapo, na kwa muda wataalamu waliweza kuzinasa kwa sababu programu ya wakati huo iliyaweka macho ya kila uso mahali palepale kwenye fremu. Programu za sasa hazina kasoro hiyo. Hata alama ya maneno yaliyonakiliwa neno kwa neno inaisha nguvu, kwa kuwa akili unde inaweza kuandika wazo moja kwa njia mia tofauti, tena kwa Kiswahili kisicho na doa.

Kinachobaki vigumu kukificha ni uhusiano wa akaunti zenyewe kwa zenyewe. Chunguza kama zilifunguliwa ndani ya majuma yaleyale, kama zililala miezi mingi kisha zikaamka pamoja siku moja kabla ya hukumu au kura, kama zinafuatana na kusifiana zenyewe, na kama jana zote zilikuwa zikitangaza bidhaa na leo zote zina uchungu na jaji mmoja. Hata ukikuta hayo yote, umepata shaka yenye msingi, hujapata ushahidi kamili. Kumbukumbu za vifaa na anwani za intaneti zilizotumika anazo mwenye mtandao, si wewe wala mimi. Tahadhari hii ni muhimu kwa sababu limezuka pia tabaka la watu wanaomwita kila asiyekubaliana nao akaunti bandia, na hilo ni njia nyingine ya kufuta sauti halisi.

Anayekutana na kundi la namna hiyo asiingie kubishana nalo, kwa kuwa mfumo wa mitandao huhesabu matusi na majibu yako kama ushahidi kwamba mada ina mvuto, nao huisambaza zaidi. Apige picha za skrini zenye tarehe na saa, aripoti akaunti hizo kwa pamoja na si moja moja, na ikiwa anamjua mtu halisi anayeandamwa, amwandikie waziwazi neno la kumuunga mkono, apate yule mwenzi mmoja wa chumba cha Asch.

Wajibu mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, uko katika vyumba vya habari. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison walipochunguza vyombo 33 vikubwa vya habari vya Marekani, walikuta 32 vimewahi kunukuu angalau chapisho moja la akaunti za kampuni ile ya St. Petersburg, mara nyingi kama mfano wa maoni ya mwananchi wa kawaida. Kwetu pia habari ya aina ya “wananchi waja juu mtandaoni” hutoka kila wiki ikiwa imesimama juu ya machapisho matatu au manne yaliyobandikwa kama yalivyo. Mhariri anaweza kumtaka mwandishi wake azungumze kwa simu na kila anayetaka kumnukuu, ajue anaishi wapi na jambo hilo linamgusaje. Asiyepatikana aachwe nje ya habari, hata kama chapisho lake ndilo lililosambaa kuliko yote.