Badgiri si pambo la paa

Wakiona minara ya badgiri, yaani minara ya kunasa upepo ili kupoza jengo, juu ya kiwanda cha kisasa nchini Iran, wengi husema ni urembo tu, tena haifanyi kazi upepo ukitulia. Si kweli. Tazama ile ya bustani ya Dowlatabad, mjini Yazd, yenye urefu wa mita 33 hivi. Kuta nyembamba huigawa ndani: upande mmoja hushusha upepo, mwingine hutoa hewa ya moto. Chini kuna kidimbwi. Hewa ikipita juu ya maji, hupoa. Upepo ukikatika, jua hupasha mnara, hewa hupanda kama moshi kwenye dohani na kuvuta nyingine kutoka chini. Kiwandani, joto la mashine huongeza mvuto huo. Inaniuma mbunifu anapouziba mnara kwa saruji.