Maji ya Mgodi wa Makaa ya Mawe: Pima Kabla Jembe Halijagusa Ardhi

Mkazi wa Arusha hahitaji kuelezwa kwamba maji meupe yanaweza kuwa mabaya. Ngarenanyuki na vijiji vingine vya kuzunguka Mlima Meru tumeona watoto wakikua na meno ya kahawia kwa sababu ya floridi, na floridi haina rangi wala harufu. Kwa hiyo kijana wa hapa anayekwenda kufanya kazi kwenye mgodi wa makaa ya mawe huko Ruvuma au Songwe akituuliza hapa maabara maji ya kule yanaangaliwaje, tunaanzia hapo: macho hayatoshi.

Tatizo la kule ni jingine: asidi. Floridi yetu inatoka kwenye miamba ya volkano, imo majini mtu achimbe asichimbe. Asidi ya mgodini huanza pale mwamba unapofukuliwa. Ndani ya makaa na miamba inayoyazunguka mara nyingi kuna pairaiti, madini ya chuma na salfa. Yakiwa chini ya ardhi, mbali na hewa, yametulia. Yakipasuliwa yakapata hewa na maji, hutoa asidi ya salfuriki, na bakteria huichochea kazi hiyo. Asidi nayo huyeyusha alumini, manganizi na metali nyingine. Si kila mgodi unafikia hapo, kwani mwamba wenye chokaa ya kutosha huipunguza asidi yenyewe. Ndiyo sababu mawe nayo hupimwa, tena mapema.

Sasa tuje kwenye chupa ya sampuli, maana hapa ndipo watu wengi wanapoharibu kazi. Maji yanayotoka shimoni yanaweza kuwa meupe kabisa huku yamebeba chuma kilichoyeyuka. Yachote Mbinga, yapakie kwenye basi hadi Arusha, na yakifika utakuta tope la rangi ya machungwa chini ya chupa. Chuma kimekutana na hewa kikaganda, na katika kuganda huko asidi imeongezeka. Ukipima pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi) wakati huo, unapima safari, hupimi mgodi. Kwa hiyo pH, joto na uwezo wa maji kupitisha umeme hupimwa palepale ukingoni. Suuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale, simama ukielekea mkondo unakotoka, usitibue tope. Maji ya kupimia metali huchujwa hapohapo na kutiwa asidi ya nitriki kidogo ili metali zisigande njiani.

Usomapo pH, kumbuka kila namba moja ni mara 10: maji ya pH 4 yana asidi mara 100 kuliko ya pH 6. Wala usiridhike na pH nzuri peke yake. Salfeti, chumvi inayotokana na asidi hiyo ya salfuriki, inaweza kupanda mtoni wakati pH bado iko sawa, na kipimo cha umeme ndicho kitakachokushtua kwanza.

Kuhusu mifereji, kazi kubwa ni kuyazuia maji safi yasiguse mwamba uliofukuliwa. Mtaro huchimbwa juu ya shimo ili mvua ya mlimani ipite kando. Yale yaliyokwisha kuchafuka hupelekwa kwenye bwawa la kutuliza tope, yatiwe chokaa ikibidi, yapimwe, ndipo yaachiwe. Mvua za kwanza baada ya kiangazi ndizo za kuogopwa zaidi, kwa sababu huosha chumvi zote zilizojikusanya juu ya vifusi kwa miezi. Mgodi unaopima mwezi wa Agosti tu haujapima kitu cha maana.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kibali kabla ya kutiririsha majitaka mtoni, na anayekitoa ni bodi ya maji ya bonde husika: kwetu ni Bonde la Pangani, lenye ofisi Moshi; kwa migodi ya makaa ya Ngaka kule Ruvuma na Kiwira kule Songwe ni Bonde la Ziwa Nyasa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inakupa haki ya kuomba taarifa za mazingira zilizoko kwenye mamlaka za umma. Serikali ya kijiji ikiziomba, isikubali namba moja. Iombe vipimo vya mto kabla haujafika mgodini na baada ya kuupita, vya siku ileile, pamoja na vile vilivyochukuliwa kabla mgodi haujaanza. Na iendelee kuviomba hata mgodi ukishafungwa, maana asidi inaweza kutoka kwa miongo mingi baada ya mitambo kuondoka.