Unafuga kindi? Angalia kwanza bakuli lake

Kila mtu anajua kindi anakula karanga, na hapo hapo ndo tatizo linapoanzia. Sisi madaktari wa wanyama tunaletewa kindi ambaye kwa macho ya mwenye nyumba kalishwa vizuri kabisa, bakuli limejaa karanga, alizeti na mahindi, mnyama mnene, alafu asubuhi moja anaburuta miguu ya nyuma na mwenyewe anadhani kaanguka usiku. Hajaanguka. Mifupa yake imeishiwa kalsiamu.

Iko hivi. Karanga, alizeti na mahindi zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, wakati mwili unataka kalsiamu isizidiwe na fosforasi, na ikiwa kama mara mbili yake ndo vizuri zaidi. Kalsiamu ikishuka kwenye damu mwili hausubiri, unaenda kuichota kwenye mifupa sababu bila hiyo moyo na misuli haifanyi kazi, kwahiyo mifupa inalainika taratibu mpaka inavunjika kwa kuruka tu toka kwenye kochi, na mwisho kabisa linakuja degedege. Dalili za mwanzo ni ndogo sana na zinawapita wengi: analala kuliko kawaida, anasita kupanda juu, hataki kushikwa mgongoni, anatetemeka. Ukiona hivo mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, ukiwahi inatibika.

Sasa alishwe nini? Msingi uwe chakula kamili cha vidonge kile kinachotengenezwa kwa panya wa kufugwa, juu yake mboga za majani, brokoli, na tunda kidogo. Spinachi usiitegemee, kalsiamu inayo lakini ina oksaleti pia, ambayo inaikamata hiyo kalsiamu isifyonzwe. Na ukimchanganyia kila kitu kwenye bakuli moja atachagua karanga ataacha mengine, ndo maana nasema asubuhi akiwa na njaa apewe vidonge na mboga, karanga moja au mbili zije baadae kama zawadi, zikiwa na ganda. Zenye ukungu tupa zote, zinaweza kuwa na sumukuvu inayoharibu ini. Chokoleti, kahawa, vitunguu, pipi, vitafunwa vya chumvi, hapana kabisa.

Halafu jua. Mwili unahitaji vitamini D ili ufyonze kalsiamu, na miale inayosaidia kuitengeneza haipiti kwenye kioo cha dirisha, kwahiyo kumuweka dirishani hakusaidii. Tundu litolewe nje muda fulani kila siku, likiwa na upande wenye kivuli, au itumike taa maalum ya wanyama yenye miale hiyo. Tundu lenyewe liwe refu kwenda juu sababu huyu ni mnyama wa kupanda, liwe na matawi na sanduku la kulalia. Matawi ayatafune pia, meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, yasipopungua yanapinda mpaka anashindwa kula. Akiwa nje ya tundu atatafuna nyaya za umeme, hilo usilichukulie poa. Na usimkamate mkia hata kwa bahati mbaya, ngozi ya mkia inachunika na haioti tena.

Kama umeokota kitoto chini ya mti, jaribu kwanza kumrudisha kwa mama yake. Mpe joto, muweke kwenye boksi lililo wazi chini ya mti huo, kaa mbali uangalie, mama mara nyingi anarudi kumbeba kwa mdomo. Usimlishe akiwa wa baridi. Maziwa ya ng'ombe yanamharisha, na ukimlaza chali kumnywesha maziwa yanaingia kwenye mapafu.

Jambo ambalo watu hawaambiwi kabisa ni kwamba kile kitoto kinacholala mfukoni kikikomaa, karibu na umri wa mwaka, kinaweza kubadilika, kikaanza kulinda eneo lake na kung'ata hata aliyekilea. Sio ubaya wala kukosa shukrani, ndivyo alivyo, na anaweza kuishi zaidi ya miaka 10, kwahiyo pima kabla hujaanza. Pia uliza mamlaka ya wanyamapori, sehemu nyingi ni kosa kumfuga bila kibali. New York mwaka 2024 kindi maarufu wa mtandaoni aitwaye Peanut alichukuliwa na maafisa akauawa ili apimwe kichaa cha mbwa, na majibu yakaja hana.

Kichaa cha mbwa kwa kindi ni nadra sana kwa kweli, ila yapo mengine. Ujerumani kati ya 2011 na 2013 wanaume watatu waliokuwa wakizalisha kindi wa rangi mchanganyiko walikufa kwa uvimbe wa ubongo, na virusi vya aina ya borna vikakutwa kwao na kwa kindi pia. Kwahiyo nawa mikono ukimaliza kumshika, usimbusu, na akikung'ata osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 alafu nenda hospitali. Ukiugua homa au kichwa kisichoeleweka mwambie daktari kwamba nyumbani kuna kindi, usisubiri akuulize.